Gesti ya Wajapani ilivyonivua kanga na aibu ya miaka 37

MSOMAJI wangu, hebu tuambizane ukweli. Kwetu neno "gesti" limeshaharibika jina. Mama wa watu akionekana anatoka gesti saa nane mchana, hata kama alikwenda kumpelekea chakula mgeni wake kutoka shamba, ikifika magharibi mtaa mzima unazo habari, tena zimetiwa chumvi na ndimu. Kwa hiyo binti wa marehemu dada yangu aliponiambia, "Mama mdogo, nimeshalipa, keshokutwa tunakwenda kulala gesti, halafu tutaoga na watu," nilikitua kikombe changu cha chai mezani.

"Tutaoga na watu gani tena, mwanangu?"

"Wanawake wenzetu tu. Kule hakuna kuoga na nguo wala kanga. Ni kama ulivyozaliwa."

Alisema hivyo huku akimenya chungwa, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Hayo yalitokea Kyoto, Japani, Novemba 2023. Binti huyo anasoma huko, nami nilikwenda kumtazama kwa wiki mbili kwa kuwa ndiye mtoto pekee aliyeachwa na dada. Pesa za hiyo gesti alikuwa amezidunduliza kwa kuosha vyombo mgahawani jioni baada ya masomo. Ningekataaje? Lakini kukubali nako kulikuwa na mwiba wake, na mwiba huo naomba niuseme mapema ili tuelewane.

Mwaka 1986, nikiwa na miaka 17, jiko la Mchina lililipuka jikoni kwetu Tanga. Moto ulinishika bega la kushoto, ukashuka mkono mpaka chini ya kiwiko, ukanila na ubavuni. Nililazwa miezi miwili. Nyumbani na mtaani ikajulikana kwamba nilimimina mafuta ya taa mwenyewe, jiko likiwa linawaka. Tangu hapo nikawa mfano wa kuwatishia watoto: "Usichezee moto, utakuwa kama fulani."

Kovu likabaki. Siku ya singo yangu nilimwambia somo anisugue miguu tu, basi. Baharini naingia na gauni la mikono mirefu. Mume wangu, ambaye nimezaa naye watoto wanne, huzima taa kwanza, na ameshazoea. Sasa leo niambiwe nikavue nguo zote mbele ya Wajapani nisiowajua hata kwa sura?

SIYO GESTI UNAYOIFIKIRIA

Lakini tusitangulize mkia mbele ya kichwa. Kwanza nikueleze gesti hiyo ni kitu gani.

Wenyewe huiita riyokani. Ni nyumba ya wageni ya mtindo wa kale. Sakafu ni ya mikeka, kitanda hakuna, unalala kwenye godoro linalotandikwa chini usiku na kukunjwa asubuhi. Unavaa vazi la nyumba, unakula chakula cha nyumba, na kuoga ndiyo shughuli kubwa ya siku. Bei hawahesabu kwa chumba, wanahesabu kwa kichwa, kwa sababu mara nyingi ndani yake mna chakula cha jioni na cha asubuhi. Nyumba nyingi za kawaida hutoza kati ya yeni 15,000 na 30,000 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Za wakubwa, usiulize.

Tena ni kazi ya kurithishana. Katika mkoa wa Yamanashi iko nyumba iitwayo Nishiyama Onsen Keiunkan, iliyoanzishwa mwaka 705, na kitabu cha Guinness kimeitambua kuwa ndiyo hoteli kongwe kuliko zote duniani. Mkoani Ishikawa iko nyingine, Hoshi, ya mwaka 718. Piga hesabu mwenyewe: wakati huo hata Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa haujajengwa, wenzetu walishaanza kutandikia wageni.

Mwenye usukani wa nyumba hizo kwa kawaida ni mwanamke, mama mwenye nyumba, naye huitwa okami. Yeye ndiye anayepokea wageni, ndiye anayejua nani hali samaki wabichi na nani magoti yanamuuma. Chini yake wako wahudumu waitwao nakai. Nakai mmoja anaweza kukuhudumia tangu unapoingia mpaka unapoondoka, kama mtu uliyefikia kwa shangazi yako.

MJI MZIMA UMEVAA KANZU

Tuliondoka Kyoto asubuhi kwa treni ya haraka. Safari ni kama saa mbili na nusu, mnakata milima na mashamba ya mpunga mpaka karibu na Bahari ya Japani. Mji wenyewe unaitwa Kinosaki Onsen, uko mkoa wa Hyogo. Hilo neno "onseni" maana yake ni chemchemi ya maji moto. Wenzetu wana mpaka sheria yake, ya mwaka 1948: maji yakitoka ardhini na joto la nyuzi 25 au zaidi, au yakiwa na madini fulani yaliyotajwa, hapo ndipo yanapostahili jina hilo. Nilimwambia binti yangu kwamba hata sisi Tanga tunayo maji yetu ya kibiriti kule Amboni. Akacheka, "Sawa Mama mdogo, lakini hayana okami."

Mvua ilikuwa inanyesha. Watu wa upande huo wana msemo wao kwamba ni heri usahau chakula chako kuliko kusahau mwavuli, na kweli hawakukosea.

Basi bwana, tulipotoka stesheni nilisimama nikatazama. Mto mdogo unapita katikati ya mji, kingo zake zimepandwa mierebi, juu yake madaraja ya mawe yaliyopinda kama mgongo wa paka. Huku na huku nyumba za mbao za ghorofa mbili tatu. Na watu sasa! Wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana, wote wametinga kanzu za pamba zenye maua au mistari, wamefunga mshipi kiunoni, mkononi kikapu kidogo na mwavuli, miguuni viatu vya mti. Jamani, mitalawanda! Ile ile waliyovaa bibi zetu kwenda bafuni. Barabara nzima inalia ko-ko, ko-ko.

Binti akanieleza kwamba watu wa Kinosaki husema mji wao wote ni riyokani moja. Stesheni ndiyo mlango, barabara ndizo ujia, nyumba za wageni ndizo vyumba, na mabafu saba ya mji ndiyo bafu la nyumba. Ukilala kwao unapewa kibali cha kuoga mabafu yote bila kulipa tena. Ndiyo maana watu wanazurura na kanzu: wametoka chumbani wanakwenda bafuni, basi tu bafu liko mtaa wa tatu.

Huo umoja haukuja bure. Mwaka 1925 tetemeko la ardhi na moto viliuteketeza mji huo, wakaujenga upya kwa mbao hizo hizo. Baadaye, mwaka 1927, ukazuka ugomvi mkubwa wa mahakamani: je, nyumba moja moja ziruhusiwe kuvuta maji moto na kuwa na bafu lake la ndani? Wengine waliona mwenye pesa atajifungia na maji yake, na bafu la wote litakufa. Kesi hiyo ilivutwa mpaka mwaka 1950 ndipo wakapatana. Mabafu ya ndani yakaruhusiwa, lakini yawe madogo, ili watu waendelee kutoka nje. Nilipoambiwa hayo niliwavulia kofia. Kwetu mwenye kisima akishapata pampu, jirani anaonyeshwa geti.

NIKAVAA NGUO YA MAITI

Saa tisa alasiri, ambayo ndiyo saa yao ya kupokea wageni, tulikuwa mlangoni. Okami alipiga magoti sakafuni akainama. Mimi mtoto wa Kiswahili, nikiona mtu mzima amepiga magoti mbele yangu, nami nikaanza kushuka. Binti akanishika kiwiko: "Mama mdogo, wewe baki umesimama. Inama tu. Halafu viatu!"

Viatu vinaishia mlangoni. Unapewa ndara za kutembelea ujiani. Ukifika kwenye mikeka ya chumbani, ndara nazo zinabaki nje. Ukienda msalani kuna ndara nyingine zinazokusubiri humo humo, na ole wako utoke nazo. Wengine huona huo ni usumbufu. Mimi niliyelelewa na bibi aliyekuwa akipiga kelele "Mkeka huo, mkeka!" niliona nimefika nyumbani.

Chumba kilinukia ukili mpya. Meza moja fupi, mito ya kukalia, milango ya karatasi ya kusukuma kando, na pembeni kijishubaka chenye picha ndefu ya maandishi na ua moja. Ua moja tu. Nakai, mama wa makamo yangu, alitumwagia chai ya kijani na kutupa kipande kimoja kimoja cha kitu kitamu. Akanitazama mara moja, juu mpaka chini, akatoka. Aliporudi alikuwa na kanzu kubwa zaidi kuliko ile iliyokuwa imewekwa. Hakuniuliza navaa saizi gani. Nilicheka kimoyomoyo: jicho la fundi cherehani hilo.

Kanzu hiyo ndiyo yukata. Nilijivalia mwenyewe nyuma ya mlango, nikafunga na mshipi, nikatoka najiona malkia. Nakai aliponiona akaziba mdomo. Binti naye akashika kichwa.

"Kuna nini?"

"Mama mdogo, umepitisha upande wa kulia juu ya wa kushoto. Hivyo huvalishwa maiti!"

La haula! Nakai akanisogelea, akafungua mshipi na kunivalisha upya, upande wa kushoto juu ya wa kulia, kama wanavyovaa walio hai. Sasa mikono ya yukata ni mipana kama ya kanzu ya shehe. Aliponiinua mkono ili aupitishe mshipi, kitambaa kikaporomoka mpaka begani. Kovu lote nje.

Nikaurudisha mkono haraka. Nakai hakushtuka, hakuuliza, hakusema pole. Alimaliza kufunga, akainama, akatoka. Baada ya dakika mbili alirudi na koti fupi la kuvalia juu ya yukata, akanisaidia kulivaa, akasema maneno ambayo binti alinitafsiria: "Anasema nje kuna baridi."

Ni kweli nje kulikuwa na baridi. Lakini binti hakuletewa koti wakati ule. Lake aliletewa baadaye, tulipokuwa tunatoka.

NILIVYOSHINDWA BAFU LA KWANZA

Tulikwenda bafu liitwalo Ichino-yu, lililo katikati ya mji. Mlangoni kuna mapazia, la wanaume na la wanawake. Binti alinipa somo njiani. Unavua kila kitu na kuweka kwenye kabati. Unaingia na kitaulo kidogo kama leso. Unakaa kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni na kujimwagia mpaka unatakata, ndipo unaingia kwenye birika la maji moto. Kule ndani si kwa kuoga uchafu, ni kwa kukaa. Kitaulo hakiguswi maji ya wote. Wengi hukikunja wakajitwika kichwani. Nywele zifungwe. Ukitoka, jifute kabla ya kurudi penye nguo.

Hata watu wenye michoro mwilini wanaruhusiwa katika mabafu yote saba. Jambo hilo si dogo, kwa maana sehemu nyingi za Japani huwakatalia, kwa sababu michoro hiyo inahusishwa na magenge ya majambazi.

Nilisikiliza yote. Nikavua mitalawanda. Nikafika kwenye pazia. Nikasikia ndani sauti za wanawake wanacheka, maji yanamwagika, mlango wa kabati unagongwa. Miguu ikagoma.

"Nenda wewe, mwanangu. Nitakusubiri hapa."

Nilitegemea atanibembeleza, au atanuna, maana pesa ni zake. Hakufanya lolote. "Haya, Mama mdogo," akapita. Nikakaa kwenye benchi nusu saa nzima nikitazama mvua, najiona mjinga. Wenzangu wote waliotoka walikuwa wekundu, wamelegea, nyuso zao kama za watu waliosamehewa madeni.

SAA YA CHAKULA NI SAA YA CHAKULA

Saa kumi na mbili jioni kamili tulikuwa mezani. Hapo nikupe angalizo, msomaji: riyokani siyo hoteli unayorudi saa tano ya usiku ukaagiza chipsi. Mpishi anatayarisha kila sahani kwa saa yake, na wewe mgeni una wajibu wa kuwepo. Ukichelewa hutasikia neno, lakini utaona aibu mwenyewe.

Chakula kililetwa kidogo kidogo. Kibakuli cha mboga, kipande cha samaki mbichi, mchuzi mwepesi, kitu cha kuchoma, kitu cha mvuke, kachumbari. Kila sahani na umbo lake, kama vile mtu amenunua seti ya vyombo akapotewa na nusu. Wali ulikuja mwishoni kabisa. Nilimwambia binti kwamba kwetu wali ukija mwisho watu wanadhani sherehe imeingia mkosi.

Mfalme wa meza alikuwa kaa. Kaa hao, waitwao Matsuba, huvuliwa Bahari ya Japani kuanzia Novemba hadi Machi, na hufungwa mguuni kibandiko kinachoonyesha bandari waliyotoka. Binti alikuwa amelipia kaa mmoja tu wa kugawana. Mimi mtoto wa Tanga nilimfundisha namna ya kuvunja gando bila kupoteza nyama, na nakai alisimama mlangoni akitazama kwa heshima ya kifundi.

Hapo ndipo binti aliponisimulia habari za korongo. Kati ya yale mabafu saba, liko moja linaloitwa Kono-yu. Hadithi ya wazee ni kwamba hapo zamani watu walimwona korongo mwenye mguu ulioumia akisimama kwenye maji hayo siku baada ya siku mpaka akapona, akaruka zake. Ndivyo maji yalivyojulikana. Na korongo wenyewe ni kisa. Wilaya hiyo ya Toyooka ndiko alikofia yule wa mwisho aliyekuwa akiishi porini nchini Japani, mwaka 1971. Wakaanza kuhangaika kuwazalisha. Mwaka 1985 wakapata makinda kutoka Urusi ya Kisovieti, mwaka 1989 wakafanikiwa kutotoa, na mwaka 2005 wakawaachia watano wa kwanza kuruka. Leo ukipita mashamba ya mpunga ya huko unaweza kuwaona wakitafuta vyura.

"Hata mwandishi wao mmoja mashuhuri, Shiga Naoya, aligongwa na treni Tokyo mwaka 1913 akaja kujiuguza hapa," binti akasema. "Aliandika kisa kuhusu siku hizo."

"Naona unanitolea mawaidha," nikamwambia.

"Mimi? Mimi nakula kaa."

KORONGO MWENYE BAWA BOVU

Mabafu hufungwa saa tano usiku. Ilipofika saa tatu na nusu, mvua imepungua, nilijisikia nikisema mwenyewe, "Nipeleke kwa huyo korongo wako."

Kono-yu iko mwisho wa mji, kimya, chini ya miti. Ndani walikuwepo wanawake sita au saba. Nisikudanganye kwamba hawakunitazama. Mwanamke mweusi, mnene, mwenye mabaka ya moto, ameingia saa tatu na nusu usiku. Hata mimi ningetazama. Lakini walitazama kama mtu anavyotazama anayeingia kwenye daladala, halafu wakarudi kwenye mazungumzo yao. Nami sasa nilipata nafasi ya kuona. Bibi mmoja mgongo umepinda kama upinde. Mwingine ana mshono mrefu kwenye goti. Mama mwingine titi moja halipo, kuna mstari tu. Anajisugua shingo huku akipiga soga.

Nilikaa kwenye kigoda nikaanza kujimwagia. Kitoto cha kike cha kama miaka minne kilisimama mbele yangu, kikanikodolea macho kweli kweli. Bibi yake akakiambia neno. Kikainama, kikanisalimia habari za jioni, kikaondoka zake. Basi. Miaka 37 ya kuficha, hukumu yenyewe ndiyo hiyo.

Nje kuna birika lililozungukwa na mawe na bustani. Hewa ni baridi, maji ni moto, mvuke unapanda. Nilishuka mpaka shingoni. Mwanzoni maji yalichoma, nikadhani sitaweza. Halafu lile kovu, ambalo wakati wa baridi hukaza kama ngoma, likaanza kulegea. Nikafikiria Hamamni ya Zanzibar, ile iliyojengwa enzi za Sultani Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Watu wetu wa pwani nao walikuwa na bafu la watu wote. Leo watalii wanalipa kuona birika lisilo na maji.

Binti alikuwa amekaa kando yangu. Bila kunitazama, akasema:

"Mama aliniambia kabla hajafa."

"Alikwambia nini?"

"Kwamba ni yeye aliyemimina mafuta. Wewe ulikuwa umeshika sufuria tu."

Msomaji wangu, siri hiyo ilikuwa ya watu wawili, na mmoja tulimzika mwaka 2019. Siku ile ya moto dada alikuwa na miaka 20, posa yake imefika mezani, na baba yetu alikuwa mtu wa fimbo kwanza maswali baadaye. Nilipozinduka hospitali nikakuta wanauliza ni nani. Nikasema ni mimi. Nilikuwa nimeshaungua, ya nini tuungue wawili? Dada akaolewa. Hatukulizungumza tena hata siku moja. Alikuwa akinitumia magauni ya mikono mirefu kila Idi.

"Aliniambia nikupe heshima yako," binti akaendelea. "Nilishindwa nianzie wapi. Nikaona nikulete hapa."

Kwa hiyo vyombo vyote vile alivyoosha, miezi yote ile, ilikuwa ni kutafuta mahali pa kusemea sentensi moja. Sikujibu. Nilitia kichwa majini, jambo ambalo ni kosa kwa adabu zao. Bibi wa mgongo uliopinda alikohoa kidogo, nikainuka haraka, nikaomba radhi kwa kuinama. Wote wakacheka, nami nikacheka. Kama kuna aliyeona machozi, mle ndani kila uso ulikuwa umelowa.

Tulirudi tukakuta magodoro yameshatandikwa mkekani, mashuka meupe, mto umejazwa makapi ya nafaka. Nililala mikono nje ya blanketi.

KWA HERI YA KUPUNGA MKONO

Asubuhi ni samaki wa kuchoma, mchuzi wa soya, yai, mwani, kachumbari na wali. Saa nne unatakiwa uwe umetoka. Hakuna bakshishi, nilipojaribu kumpa nakai noti, alirudi nyuma kama nimemwonyesha nyoka. Nikafungua begi nikampa kanga yangu mpya. Hiyo aliipokea kwa mikono miwili. Akanyoosha kidole kwenye mkono wangu wa kushoto, akauliza kwa binti kama nje bado naona baridi. Nikasema hapana. Nilikuwa nimevaa blauzi ya mikono mifupi ya binti yangu, ndani ya koti langu.

Okami na nakai walitoka nje wakasimama barabarani wakipunga mikono. Nilipogeuka mara ya kwanza wapo. Mara ya pili wapo. Tulipofika kwenye daraja nikageuka tena, bado wapo, mvua inawanyeshea.

Nimeulizwa sana tangu nirudi kama ni kweli unalipa pesa zote hizo kulala chini. Ni kweli. Tena masharti ni mengi: viatu, saa, maji, kitaulo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kule nimejifunza kwamba na mgeni naye anaweza kupona, akikubali kufuata adabu za nyumba. Wenzetu wale hawakuniuliza kovu langu limetoka wapi. Waliniletea koti, wakanionyesha kigoda, wakanisogezea nafasi majini. Yaliyobaki waliniachia na mwanangu.

Sasa hivi ninapoandika haya ni joto la Tanga, na nimevaa gauni la mikono mifupi. Jana muuza samaki aliniuliza, "Mama, kulikoni mkono?" Nikamwambia ni moto wa zamani, pima kilo mbili. Akapima.